Chama cha historia cha watu wachache: jinsi ya kukiendesha kisife hata kama wanachama hawaongezeki

Kama uko kwenye chama kidogo cha urithi, vile vya watu wanaojitolea kukusanya picha za zamani, barua, kumbukumbu za wazee, au kutunza jengo la kale lisiporomoke, basi hali hii unaijua. Mkutano mkuu wanakuja walewale, orodha ya wanachama ya mwaka huu ukiiweka juu ya ya mwaka juzi zinalingana, na kila mara linaulizwa swali lilelile, vijana wako wapi. Mimi nimekaa kwenye kamati ya chama cha namna hii zaidi ya miaka kumi, muda mwingi nikiwa katibu, na niseme mapema: idadi kusimama sijawahi kuona ikiua chama. Kinachoua ni kazi zote kuwa mikononi mwa watu wawili watatu, na taarifa zote kuwa vichwani mwao. Chama cha watu ishirini ambao kumi na wawili wana kitu wanafanya kitadumu kuliko cha watu mia wanaolipa ada alafu basi.

Kwa hiyo anza hapo. Chukua daftari uandike kila kazi inayofanyika mwaka mzima, hata zile ndogo kabisa, nani anafungua ukumbi, nani anajibu imeili, nani anakata risiti, nani ana funguo ya kabati, nani anajua paswedi, nani ndo anaelewana na mwenye lile jengo. Mbele ya kazi weka jina, alafu pembeni weka jina la pili, la mtu ambaye anaweza kuifanya kesho asubuhi huyu wa kwanza akiugua. Ukikuta safu ya majina ya pili iko tupu ndo umeshaona tatizo lenu. Sisi tulikuja kulijua likiwa limeshatufika shingoni, mwenyekiti wetu alilazwa ghafla, imeili ya chama imefunguliwa kwa namba yake ya simu, benki wanataka saini yake, funguo ya kabati la picha iko chumbani kwake, wiki saba tumekaa hatuwezi kufanya kitu na yeye maskini yuko kitandani anapigiwa simu ya paswedi. Alikuwa anafanya yote kwa sababu anakipenda chama, na sisi tulimwachia. Baada ya hapo tukaweka watia saini watatu na yeyote wawili kati yao wanatosha, paswedi zikaandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha mbili zilizofungwa kwa watu wawili tofauti, na kila kiongozi akapewa msaidizi ambaye anafanya naye kazi mwaka mzima kabla ya kuachiwa.

Katiba nayo ifungueni. Vyama vingi katiba iliandikwa kipindi watu wamejaa, wakaweka akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali, ni watu thelathini, leo mnakuja kumi na wanne, yaani kisheria mkutano wenu hauwezi kuamua chochote. Badilisheni iwe sehemu ya wanachama walio hai kwenye daftari, mfano robo, na mfanye hivyo mwaka ambao bado mnaweza kuifikisha hiyo akidi ya zamani, maana ikishawapita mtapata shida kuibadilisha. Fuateni utaratibu ulioandikwa humohumo, na kama mmesajiliwa pelekeni nakala kwa msajili.

Sasa watu. Acheni kuomba watu wawe wanachama, ombeni kazi kwanza. Ukimwambia mtu "njoo ujiunge na chama cha historia" anasikia mikutano isiyoisha na ada. Lakini ukimwambia "tuna picha arobaini hatujui waliomo, bibi yako anaweza kuwajua, unaweza kuja naye Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi?" hapo kuna mwanzo na mwisho, na kuna sababu ya kumwita yeye na siyo mwingine.

Hiyo siku ya kutambua picha nawashauri sana, gharama yake ni ndogo mno. Chapisheni nakala kubwa kubwa, kila moja na namba yake, zitandazwe mezani na penseli, picha zenyewe halisi zibaki kwenye boksi kabisa. Pembeni ya kila nakala weka karatasi yenye maswali manne: ni nani, ni wapi, mwaka gani, na nani kasema. Hilo la nne msiliache, maana baada ya miaka mitano watu wawili watabishana kuhusu jina na mtataka kujua lilitoka kwa nani. Kuna bibi mmoja alikuja kwetu amesindikizwa na mjukuu, akapitia picha kama tisa kimya, ya kumi akaweka kidole kwa mtoto aliyesimama pembeni kabisa, nusu uso umekatwa, akasema "huyu ni mimi". Akaongea karibu saa nzima. Mjukuu aliyekuja kumsindikiza tu ndo aliyeshika simu akarekodi, na leo huyo binti ndo anashughulikia rekodi zetu zote za sauti, ada alianza kulipa baada ya mwaka na hakuna aliyemdai.

Mkirekodi, anzeni kwa kutaja tarehe, mahali, jina la anayeongea na anayeuliza, na aseme mwenyewe kama anakubali sauti yake isikilizwe na watu wengine. Simu ilazwe juu ya kitambaa mezani isishikwe mkononi, feni izimwe, na faili linakiliwe siku hiyohiyo. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae jengo lingine kabisa. Picha ndogo skanini kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), faili la TIFF, lile kubwa lisilopoteza ubora, ndo la kuhifadhi na la JPEG, lile dogo, ndo la kusambaza. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini ukingoni, kalamu ya wino hapana, selotepu hapana, kuleminesha hapana kabisa. Boksi lisikae sakafuni wala penye unyevu na jua. Haya naona yanahusiana na wanachama moja kwa moja, kwa sababu mtu mwenye albamu ya marehemu baba yake hawezi kuikabidhi kwa chama kinachotunza vitu hovyo.

Na katiba iseme waziwazi chama kikifa vitu vinaenda wapi, maktaba ipi au hifadhi ya nyaraka ipi, na hao wakubali kwa maandishi sasa hivi. Wengine wanaona ni kujitabiria kifo. Mimi naona ni heshima kwa walioleta vitu vyao.

Ratiba, punguzeni. Shughuli nne kwa mwaka zilizoandaliwa vizuri zinatosha, na zitundikeni kwenye siku ambazo tayari dunia inaziadhimisha ili msianze kutangaza kutoka sifuri: 18 Aprili ni ya majengo na maeneo ya kale, 18 Mei ni siku ya makumbusho tangu 1977, na 27 Oktoba ni ya urithi wa sauti na picha za video, hiyo chezeni rekodi zenu watu wasikie sauti za wazee wao. Jarida linalomla katibu wiki tatu lifanyeni kurasa mbili au liacheni. Pia msijifungie kwenye majengo tu, mkataba wa UNESCO wa 2003 unahesabu masimulizi, sherehe na ufundi wa mikono kuwa urithi, kwa hiyo fundi na mwimbaji nao wana nafasi kwenu.

Kuhusu pesa, kwa ufupi: ada ibebe gharama za kawaida tu, kazi kubwa ichangishiwe peke yake maana watu wanatoa wakiona ni paa gani linaenda kuzibwa, na hesabu isomwe kila kikao, ukurasa mmoja.

Kuhusu vijana, kwa niliyoyaona mimi wanaokuja na kubaki ni wa miaka arobaini na tano mpaka sitini, ambao mzazi amefariki karibuni na wamebaki na boksi la karatasi hawajui walifanyeje. Watafuteni hao. Alafu chukueni daftari la zamani mwone waliokoma kulipa, mpigie mmoja mmoja, siyo ujumbe wa jumla. Wengi utakuta walibadilisha namba na hakuna aliyewakumbusha. Ukipiga usianze na ada, mwambie kuna picha namba fulani hatujui ni wapi na tulikukumbuka wewe, alafu mtumie hiyo picha muda huohuo mkiwa bado mnaongea.