Umeme ukirudi: jinsi ya kuwasha upya kituo cha utafiti baada ya katizo lililopangwa

Taarifa ya katizo la umeme ikitoka mapema, kuzima huwa kazi nyepesi. Watu wana muda, wana orodha, na kila mkuu wa kitengo yupo. Kuwasha ndiko kunakofanyika jioni, watu wamechoka, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, imeshaanza kuingia, na kila mmoja anataka aone taa zimewaka aende nyumbani. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumwelekeza kwa simu fundi wa tehama aliyeajiriwa karibuni kwenye kituo cha utafiti wa mazao upande wa Iringa. Umeme ulikuwa umesharudi, vifaa vyote vimewaka, na hakuna mtafiti aliyeweza kufungua hata faili moja. Tatizo lake lilikuwa kwenye hatua ya 5, kwa hiyo hatua hiyo nimeieleza kwa urefu.

Ninachokifikiria hapa ni kituo cha kawaida cha Nyanda za Juu Kusini: friza chache za nyuzi joto −80, chumba cha kukuzia miche ya viazi kwenye chupa, ghala la mbegu lenye ubaridi, seva kadhaa kwenye kabati moja, na jenereta moja. Nachukulia pia kwamba wakati wa kuzima mlishusha breka zote, yaani swichi za kukatia umeme. Kama hamkuzishusha, nendeni mkazishushe sasa hivi, umeme haujarudi.

Hatua ya 1: Pima kwanza, pandisha baadaye

Taa ya mlinzi getini ikiwaka, hiyo ni habari tu kwamba umeme upo. Haikwambii ni umeme wa namna gani. Chukua multimita, pima kwenye swichi kuu huku breka zote zikiwa chini. Kila fezi (waya unaoleta umeme) kwa nyutro (waya wa kuurudisha) isomeke karibu na volti 230. Mimi sipandishi chochote nje ya 207 hadi 253. Fezi kwa fezi isomeke karibu na 400. Ukiona fezi moja inasoma 300 na nyingine 150, nyutro imelegea au imekatika mahali. Hapo usiguse breka hata moja, piga simu kwa watu wa umeme.

Kama kazi iliyofanyika ilihusu transfoma au kuunga upya nyaya zinazoingia kituoni, pima na mfuatano wa fezi. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, taa na kompyuta hazitaonyesha dalili yoyote, lakini mota za fezi tatu zitazunguka kinyume. Pampu ya kisima itavuma bila kupandisha maji ya maana. Kompresa ya ghala la mbegu itapiga kelele bila kupoza, na aina nyingine za kompresa huharibika zikiachwa zizunguke hivyo. Kipimo cha mfuatano wa fezi si ghali, na kituo chenye ghala la baridi hakina sababu ya kukikosa.

Ukishapima na kuridhika, subiri dakika 20 ndipo uanze kupandisha. Umeme unaorudishwa mara nyingi huja, hukatika, na kuja tena.

Hatua ya 2: Jenereta

Hamisha mzigo kidogo kidogo, kisha iache jenereta izunguke bila mzigo kama dakika 5 ipoe kabla ya kuizima. Jambo moja ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalitaji: Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Namba iliyoandikwa kwenye kibati chake si namba utakayoipata huku. Kwa hiyo mnapoanza kurudisha vifaa kabla umeme wa gridi haujatulia, msihesabu kwa kibati.

Hatua ya 3: Friza, moja moja

Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia. Ukiwasha friza nne kwa mpigo, breka itaruka au volti itaporomoka, na kompresa zitahangaika kuanza zisiweze. Washa moja, ngoja dakika 15, washa ya pili. Friza yoyote iliyozimika, hata kwa bahati mbaya, ipe dakika 5 au zaidi kabla ya kuiwasha tena ili mgandamizo wa gesi ndani ulingane.

Kabla ya kuwasha, andika joto lililosomeka, pamoja na saa. Usifungue mlango "kuangalia tu". Kila friza iwe na kipimajoto chake cha pembeni chenye kumbukumbu, kisichotegemea kioo cha friza yenyewe. Ile mbinu ya kuweka sarafu juu ya kikombe cha barafu siipendi kwa friza za −80: sarafu itazama tu joto likivuka sifuri, na sampuli za DNA na RNA zinaweza kuwa zimeshapata shida muda mrefu kabla ya hapo.

Hatua ya 4: UPS na mtandao

Washa UPS, yaani betri za akiba za kompyuta, bila mzigo na uziache zichaji. Kisha ruta, kisha swichi za mtandao. Seva bado.

Hatua ya 5: Saa

Hapa twende polepole.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine haina umeme kabisa. Mashine ambayo haijawahi kuchomolewa kwa miaka haitakuonyesha kwamba betri hiyo imekufa, kwa sababu umeme wa ukutani ndio unaoitunza saa. Siku mnapozima kituo kizima, betri zote mbovu hujitokeza kwa wakati mmoja.

Ugumu ni kwamba dalili zake hazitaji saa popote. Mtumiaji anaweka nywila sahihi na inakataliwa. Kivinjari kinasema cheti cha tovuti ya ndani si halali. Grafu ya joto la friza iko tupu, ingawa kihisi kinafanya kazi. Matokeo ya mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, yanahifadhiwa lakini hayaonekani kwenye folda ya leo. Yule kijana wa Iringa alikuwa ameshabadilisha nyaya, amewasha seva upya mara nyingi, na alikuwa anakaribia kufuta akaunti za watumiaji azitengeneze upya.

"Kaka, zote zimewaka, ila nikiweka nywila inakataa."

"Seva yako inasema leo ni tarehe ngapi?"

Akakaa kimya kidogo. "Mosi Januari. Na mwaka si huu."

Mfumo wa kuingilia unaotumia Kerberos, ambao ndio uko nyuma ya ofisi nyingi zenye seva za Windows, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Vyeti vya usalama navyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Seva iliyorudi nyuma miaka inaamini cheti bado hakijaanza kutumika. Nywila zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Utasema: si kuna programu ya kusahihisha saa kwa mtandao? Ipo, lakini ina masharti yake. Programu ya zamani ya ntpd, kwa mipangilio yake ya kawaida, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani kama dakika 17, inajifunga yenyewe badala ya kusahihisha. Inadhani tofauti kubwa hivyo ni kosa la chanzo. Basi inafanya kazi vizuri siku zote, halafu siku unayoihitaji inajitoa. Ndiyo maana mimi natumia chrony, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye kila seva ya Linux na siwashauri watu kitu kingine. Ukiweka mstari wa `makestep 1.0 3` kwenye mipangilio yake, inaruhusiwa kuirusha saa hadi mahali sahihi katika masahihisho matatu ya mwanzo, baada ya hapo inasogeza taratibu tu.

Kuna mtego mwingine unaofungana kama fundo. Chrony inatafuta seva ya saa kwa jina. Jina linahitaji DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za namba. DNS yenu ikiwa inakagua saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu ni la kweli, inahitaji saa sahihi ili ikubali jibu. Saa inasubiri DNS, DNS inasubiri saa. Fundo hilo linakatwa kwa kuandika angalau chanzo kimoja cha saa kwa anwani ya namba, si kwa jina. Na kizuri kuliko vyote ni kuwa na chanzo chenu wenyewe: kompyuta ndogo yenye kipokezi cha GPS, antena juu ya paa. Intaneti ikichelewa kurudi, na baada ya katizo huchelewa, kituo bado kina saa.

Sasa namna ya kutambua kosa. Angalia ukubwa wa tofauti kabla ya kurekebisha chochote, kwa sababu unakuonyesha chanzo:

Tofauti ya miaka ni betri. Ibadilishe.

Tofauti ya saa 3 kamili ni mpangilio. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Windows huandika saa ya eneo kwenye saa ya mashine, Linux nyingi huandika UTC. Mashine iliyobadilishiwa mfumo, au yenye mifumo yote miwili, inasoma saa 3 mbele au nyuma. Hapo betri ni nzima, usiihangaikie.

Tofauti ya dakika chache ni saa iliyoteleza. Itarudi yenyewe.

Tofauti inayolingana na urefu wa katizo ni kifaa kisicho na betri kabisa. Nitaigusia kwenye hatua ya 7.

Ukishajua, rekebisha kwa mpangilio huu. Anza na mashine inayobeba seva pepe (seva zinazoendeshwa kama programu ndani ya mashine moja), kwa sababu seva pepe nyingi huchukua saa kutoka kwake zinapowaka. Weka saa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows au Linux haijawaka, kwa kutazama simu yako. Ikiwaka, kagua kwa `chronyc tracking`, kisha `hwclock --systohc` ili saa sahihi iandikwe kwenye mashine yenyewe. Ndipo zifuate seva pepe, ya kuingilia watumiaji ikiwa ya kwanza. Kompyuta za Windows zilizounganishwa na vifaa vya maabara ziwe za mwisho, kwa `w32tm /resync`.

Tahadhari mbili. Kwanza, usirudishe saa nyuma huku hifadhidata inafanya kazi. Ikiwa mashine ilikuwa imetangulia mbele, zima huduma ya hifadhidata, rekebisha saa, kisha iwashe. Vinginevyo rekodi mpya zitaingia kabla ya zile za zamani, na grafu ya friza haitaaminika tena. Pili, data iliyoingia ikiwa na tarehe mbaya msiibadilishe. Data ghafi ibaki kama ilivyo. Andikeni kwenye daftari: mashine ipi, ilikosea kwa kiasi gani, kuanzia lini hadi lini. Mtafiti atasahihisha kwenye uchambuzi wake akijua anachofanya.

Na kwenye daftari hilo andikeni 08:00 au 14:00. Ukiandika "saa 2", anayesoma mwezi ujao hatajua kama friza ilizimwa asubuhi, usiku, au mchana kwa hesabu ya saa za kompyuta.

Betri zenyewe nunueni kabla ya katizo. Sokoni Mwanjelwa hamzikosi, lakini zipimeni hapohapo dukani: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Iliyo chini ya 2.8 iacheni.

Hatua ya 6: Hifadhi ya data, kisha seva

Hifadhi ya data iwake hadi mwisho kabla ya seva yoyote. Kagua diski zote. Diski iliyozunguka miaka bila kupumzika wakati mwingine haiamki ikishapoa. Ikiwa moja imekufa, ibadilishe na uache hifadhi ijijenge upya kabla watu hawajaanza kazi nzito.

Hatua ya 7: Maabara na chumba cha miche

Kabati la usalama wa kibaiolojia liendeshwe dakika kadhaa kabla ya kazi. Mizani za uchambuzi ziachwe zimewashwa saa nzima, kisha zisawazishwe. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, irudishwe kwa mzunguko wa majaribio bila chochote cha thamani ndani, na macho yawe kwenye kipimajoto kuliko kwenye kipimo cha mgandamizo: paundi 15 kwa inchi ya mraba zinazotosha kufikisha nyuzi 121 pwani hazitoshi Mbeya, huku inakaribia 17 hadi 18.

Chumba cha miche ndicho kinachosahaulika. Taa za miche ya viazi kwa kawaida huwaka kwa muda wa saa 16 na kuzimika kwa muda wa saa 8 kila siku, na vituo vingi bado vinatumia taima za kuzungusha kwa mkono. Taima hizo husimama umeme ukikatika na huendelea pale zilipoishia. Katizo la saa 9 likipita bila mtu kuzigusa, miche italala na kuamka saa 9 nyuma ya ratiba, kila siku, hadi mtu agundue. Zungusha kila taima hadi saa sahihi, moja baada ya nyingine, na uweke alama ya chaki kwenye rafu uliyomaliza. Ukipata fedha, nunua za kidijitali zenye betri ya ndani.

Hatua ya 8: Kesho yake

Fika kabla ya muda wa taa za miche kuwaka. Simama na simu mkononi, hakikisha kila rafu inawaka kwa wakati wake. Kisha fungua grafu za friza za usiku kucha: zote ziwe zimerudi kwenye joto lake, na mstari usiwe na pengo. Friza iliyobaki juu ya −70 hadi asubuhi usiipe siku nyingine ya kusubiri. Hamishia sampuli zake kwenye friza ya akiba, na umwite fundi wa majokofu siku hiyohiyo.