Kabla ya Kukubali Upasuaji wa Diski ya Kiuno

Ukishaambiwa diski ya kiuno, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, imetokeza na inabana neva, jiulize kwanza kama upasuaji unahitajika sasa. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea kadiri mwili unavyoruhusu. Hata kipande cha diski kilichomeguka kabisa mara nyingi hunywea chenyewe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema waliondokewa na maumivu ya mguu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia hawakuwa na tofauti kubwa na walioanza kwa kusubiri.

Lakini kuna dalili zisizosubiri: ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, kushindwa kuzuia choo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Unyayo ulioanza kuburuzika nao usiachwe hadi miadi ya mwezi ujao.

Mwombe daktari mpitie pamoja picha ya MRI, pingili kwa pingili. Mara nyingi tatizo huwa L4-L5, yaani kati ya pingili mbili za mwisho za kiuno, au L5-S1, kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa ulio chini yake. Picha ikionyesha diski imetokeza kushoto na wewe unaumwa mguu wa kulia, usisaini chochote mpaka upate maelezo. Na kumbuka upasuaji huu huondoa kinachobana neva, hivyo hutibu zaidi maumivu yanayoshuka mguuni kuliko yale ya kiunoni. Anayeumwa kiuno peke yake ana sababu ya kusita.

Ukifika kwenye mbinu, usivutwe na udogo wa kovu. Upasuaji wa hadubini, ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hupitia mkato wa sentimita 2 hadi 4 hivi, kwa kawaida kwa nusu kaputi, na ndio ambao mbinu nyingine hupimwa nao. Mbinu ya mrija, ambapo daktari hupitisha vifaa vyake ndani ya mrija mwembamba, hutanua misuli badala ya kuibandua kwenye mfupa. Inasikika kuwa bora, ila utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2009, haukuona wagonjwa wake wakipona vizuri zaidi. Endoskopi huingiza kamera kwenye tundu lisilofika sentimita 1, na ikipitia ubavuni inaweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, mgonjwa akiwa macho. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye moyo au mapafu yake hayahimili nusu kaputi. Lakini kwenye L5-S1 mfupa wa nyonga unaweza kuziba njia ya ubavuni, na daktari huchukua muda mrefu kuizoea mbinu hii. Kwa hiyo muulize amefanya ngapi za aina hiyo, na atafanya nini asipokifikia kipande. Mimi ningemchagua mwenye mkono uliozoea hadubini kuliko anayejifunza endoskopi mgongoni kwangu.

Ukipendekezewa kuunganishwa pingili kwa skrubu wakati diski imetokeza kwa mara ya kwanza na mgongo haujalegea, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Uliza pia kuhusu maambukizi, kuchanika kwa utando unaofunika neva, na diski kutokeza tena palepale. Hilo la mwisho huwapata baadhi ya wagonjwa kwa mbinu yoyote ile.

Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, lakini usiziache bila kuelekezwa. Sukari idhibitiwe, na sigara iachwe mapema kwa sababu huchelewesha kidonda kupona. Nyumbani panga mtu wa kubeba ndoo na watoto wiki za mwanzo, na vitu vya kila siku viwekwe usawa wa kiuno ili usiiname. Kutembea kwenyewe mara nyingi huanza siku ileile ya upasuaji au kesho yake.