Kiambishi ge- cha Kijerumani: lini ukitie, lini ukiache

"Nimefanya" kwa Kijerumani ni ich habe gemacht. Hiyo ge- ni ya kale: Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kijerumani, kilikuwa na ga-, na Kiingereza cha kale kilikuwa na ge- ambayo leo imebaki, kwa mfano, kama e- mwanzoni mwa enough.

Kitenzi cha kawaida huchukua ge- mbele na -t nyuma: machen, gemacht. Kisicho cha kawaida aghalabu huishia -en, na mara nyingi irabu hubadilika: trinken, getrunken. Shina likiishia t au d, tanguliza e: arbeiten, gearbeitet. Essen hutoa gegessen, yenye g ya ziada. Kuikariri ndiyo salama.

Kazi ngumu ni kujua lini ge- haitakiwi. Usikariri orodha, sikiliza mkazo. Silabi ya kwanza ya kitenzi isipokazwa, ge- haiingii: besuchen, besucht, verstehen, verstanden, studieren, studiert. Hapa ulimi wa Kiswahili hutuponza, kwa kuwa umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Anayetamka arBEIten ataidondosha ge- bila kujua. Tamka ARbeiten. Kamusi ya Duden huonyesha mkazo chini ya irabu: kistari kwa irabu ndefu, nukta kwa fupi. Andika alama hiyo daftarini kila unapojifunza kitenzi kipya.

Vitenzi vyenye kipande kinachobanduka, kama anrufen (kupiga simu), huiweka ge- katikati: angerufen. Bandua kipande kwanza, kisha pima kilichobaki. Vorbereiten ukiondoa vor- hubaki bereiten, isiyokazwa mwanzoni, basi ni vorbereitet.

Jihadhari na umfahren. Ukikaza um-, ni kumgonga mtu kwa gari: ich habe ihn umgefahren. Ukikaza fah-, ni kumzunguka ukampita: ich habe ihn umfahren. Mbele ya polisi wa barabarani, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Ukihamia Kiholanzi, kanuni ya mkazo inayumba kwa vitenzi vya mkopo: studeren ni gestudeerd, huku Mjerumani akisema studiert. Kiafrikana hutia ge- vilevile, ila hakiongezi kitu mwishoni: gemaak, gestudeer.