Kikao cha mpango wa elimu maalum: ingia na karatasi, toka na karatasi

Mpango wa elimu maalum ni makubaliano ya maandishi kati ya mzazi na shule kuhusu jinsi mtoto mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza atakavyosaidiwa darasani. Neno linaloua mipango mingi ya aina hiyo ni "atasaidiwa". Na nani? Lini? Kwa kitu gani? Kikao kikiishia hapo, mtoto anarudi kwenye dawati lile lile la nyuma. Kazi yako mzazi ni kulibana neno hilo mpaka litoe jina la mtu, siku na idadi.

Anza wiki mbili kabla, na daftari. Usiandike jina la ugonjwa, andika anachofanya: "Amenakili mistari miwili ubaoni wenzake wakiwa wamemaliza minane. Akisomewa swali hilo hilo, analijibu." Sentensi kama hiyo inamwonyesha mwalimu kwamba tatizo huenda liko kwenye jicho au mkono, wala si kwenye kuelewa. Beba pia madaftari yake mawili matatu ya shule.

Mtoto anayeitwa "mzito" apimwe kwanza macho na masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kupunguza usikivu, na darasani likaonekana kama utoro wa akili. Kwa Dar es Salaam, anzia hospitali ya Amana, Mwananyamala au Temeke. Wakikupa rufaa, nenda Muhimbili. Hospitali ya CCBRT pale Msasani ina huduma za macho na za viungo. Mwombe daktari aandike athari za darasani, si jina la hali peke yake. "Mtindio wa ubongo" haimwambii mwalimu afanye nini. "Mkono wa kulia unachoka haraka, apewe muda zaidi wa kuandika" inamwambia. Ripoti halisi ibaki nyumbani, shuleni peleka kopi.

Kisha barua kwa mwalimu mkuu, ukurasa mmoja: jina la mtoto, darasa, mambo matatu uliyoyaona, ombi la kikao na tarehe mbili unazopendekeza, zisiwe za wiki ya mitihani. Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa shule wenye tarehe ya kupokelewa, urudi nayo. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwalimu wa darasa ni wa heshima, lakini hauna muhuri.

Kikaoni wawepo mwalimu mkuu au wa taaluma, mwalimu wa darasa na mwalimu wa elimu maalum. Kama shule haina huyo wa mwisho, omba afisa elimu maalum wa halmashauri ahusishwe. Nenda na ndugu wa kuandika, maana kusikiliza, kujibu na kuandika kwa pamoja ni kazi ya watu wawili.

Hapo ndipo penye kazi. "Ataboreka katika kusoma" si lengo. Lengo ni hili: "Ifikapo mwisho wa Machi atasoma kwa sauti maneno 10 ya silabi mbili, kama kuku na meza, bila kusaidiwa, akipata angalau 8. Mwalimu wa darasa atampima kila Ijumaa." Malengo matatu kwa muhula yanatosha, kumi na mawili hayasomwi na mtu. Kumbuka pia mwalimu huyo huenda ana watoto 90 mbele yake. Omba yasiyomgharimu: kiti cha mbele, maswali matano badala ya kumi, maelekezo asomewe, mwenzake amwandikie ya ubaoni. Mtoto mwenye ualbino akae mbali na mwanga wa dirisha na aruhusiwe kofia na mikono mirefu. Kila mnapokubaliana, sema kwa upole: "Mwalimu, naomba hilo tuliandike." Mwisho wote watie sahihi, nawe uondoke na kopi.

Unaweza kuambiwa mtoto ahamie shule yenye elimu maalum, kama Uhuru Mchanganyiko, Buguruni Viziwi au Sinza Maalum. Usikatae kwa hasira, usikubali kwa haraka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa shule, ya serikali au binafsi. Kwa mtoto kiziwi, shule yenye walimu na wenzake wanaotumia lugha ya alama inaweza kuwa na faida kubwa kuliko kubaki mahali asipoelewana na mtu. Kwa wengine, pima: sababu iandikwe, na uulize nani atampeleka kila asubuhi ikiwa njia ina daladala mbili.

Mitihani ya taifa ina utaratibu wake. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Lakini hitaji la mtoto linapaswa kuonekana wakati wa usajili. Mzazi anayekumbuka wiki ya mtihani amechelewa.

Rudini mezani kila baada ya wiki sita. Pasipofanyika kitu, panda ngazi kwa maandishi, na ile nakala yenye muhuri ukiiambatisha: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, kisha halmashauri. Ukiruka ngazi, barua hurudishwa chini na wewe umepoteza mwezi.

Januari mtoto akipanda darasa, mwalimu mpya huenda hajawahi kuuona mpango. Mpelekee kopi wiki ya kwanza, kabla viti havijagawanywa.