Somo: Namna ya kuifikia patisheni iliyofichwa ya kurejesha Windows, kabla hujampelekea fundi

Hapa Dar kompyuta ya nyumbani ikianza kugoma, wengi wetu tunaibeba moja kwa moja hadi Kariakoo au Makumbusho, na jibu la fundi huwa lile lile: "Tupige Windows upya." Akishapiga, mara nyingi diski nzima imefutwa, na imeondoka na sehemu ambayo kiwanda kiliiweka makusudi kwa ajili ya siku kama hiyo. Nataka kila mwenye kompyuta ajue kama anayo sehemu hiyo, aone kilichomo na ajue kuitumia, kabla hajalipia kazi ambayo pengine mashine ingeifanya yenyewe pale mezani kwake.

Diski moja hugawanywa vipande, na kila kipande ndicho patisheni. Unayoizoea ni C, labda na D. Nyingine hazikupewa herufi, ndiyo maana huzioni ukifungua mafaili yako. Za kurejesha ni za aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ndogo, kama MB 500 hadi GB 1, na ndani yake mna vifaa vya ukarabati tu: kurekebisha Windows inayokataa kuwaka, kurudi kwenye hali ya nyuma, kufungua dirisha la amri. Ya pili ni kubwa, GB 10 hadi 25 hivi, na imebeba nakala kamili ya Windows kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na draiva zote za mashine hiyo, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vyake kama sauti na Wi-Fi. Hii ya pili ndiyo mali. Mashine nyingi mpya hazina tena, na za mtumba nyingi zilishafutwa kabla hazijatua bandarini, kwa hiyo usikate tamaa ukiikosa. Endelea na somo, ile ndogo nayo ina kazi yake.

Hatua ya 1: Okoa vitu vyako

Nakili picha, nyaraka na vyeti kwenye flashi au diski ya nje. Kutazama patisheni hakufuti chochote, lakini kurejesha hali ya kiwandani kunafuta C yote, na mashine nyingine zinauliza mara moja tu. Kama Windows haiwaki kabisa, mtu mwenye uzoefu aichomoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB na kuokoa mafaili kwanza.

Hapo hapo angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalozuia diski isisomwe bila ufunguo. Ikiwa imefungwa, ukiingia kwenye ukarabati utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kompyuta ya nyumbani, mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye daftari leo, mashine ikiwa bado nzima.

Hatua ya 2: Angalia kama ipo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha chagua "Disk Management". Chini utaona diski imechorwa kwa visanduku. Tafuta kisanduku kilichoandikwa "Recovery Partition" na usome ukubwa wake. Ukikibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi utapewa "Help" peke yake, hakuna pa kuweka herufi. Usidhani ni hitilafu. Windows imeizuia kwa makusudi isichezewe, na ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Ipe herufi kwa muda uone kilichomo

Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Kisha andika amri hizi, moja moja, ukibonyeza Enter kila mara:

diskpart
list volume

Itatokea orodha. Safu ya mwisho kulia, patisheni zilizofichwa huandikwa "Hidden". Linganisha ukubwa na ule uliouona kwenye hatua ya 2, ujue namba yake. Tuseme ni 3:

select volume 3
assign letter=R
exit

Sasa, kwenye dirisha lile lile:

dir R:\ /a /s

Hiyo /a ni muhimu, maana bila hiyo mafaili yaliyofichwa hayaorodheshwi na utadhani patisheni ni tupu. Nayo /s inaorodhesha hata yaliyo ndani ya folda. Ukikuta folda ya Recovery yenye WindowsRE ndani yake, na humo faili liitwalo Winre.wim, hiyo ni ile ndogo ya ukarabati. Ukikuta install.wim, au mafaili makubwa yanayoishia na .swm yaliyofuatana kwa namba, hongera, una Windows ya kiwandani mkononi. Nakili mafaili hayo kwenye diski ya nje kama una nafasi.

Ukimaliza, ifiche tena, ili watoto au programu yoyote isije ikaandika humo:

diskpart
select volume 3
remove letter=R
exit

Naomba hapa tuwe makini sana. Ndani ya diskpart kuna amri inaitwa clean. Inafuta mpangilio wa diski nzima uliyoichagua na haiulizi "una uhakika?" Usiiandike hata kwa majaribio. Vivyo hivyo delete partition.

Hatua ya 4: Kuingia kwenye urejeshaji, Windows ikiwa inawaka

Shikilia Shift, kisha ubofye "Restart" huku kidole bado kiko kwenye Shift. Kioo cha bluu kikitokea, chagua "Troubleshoot"; humo ndimo mna "Reset this PC" na vifaa vya ukarabati.

Hatua ya 5: Kuingia kwenye urejeshaji, Windows ikiwa imekufa

Zima kabisa, washa, na uanze kugonga kitufe cha mtengenezaji mara tu kioo kinapopata mwanga. HP ni F11. Acer ni Alt pamoja na F10. Asus nyingi ni F9. Toshiba za zamani unashikilia sifuri huku ukiwasha. Dell mpya ni F12, halafu unatafuta "SupportAssist OS Recovery". Lenovo nyingi zina kitundu kidogo ubavuni chenye kitufe kiitwacho Novo: ukiwa umezima mashine, kibonyeze kwa pini au kipande cha waya, nayo itawaka ikiwa na orodha ya kuchagua. Watu wanakaa na Lenovo miaka wakidhani kile kitundu ni cha spika.

Kabla hujaanzisha urejeshaji, chaji betri ijae na uache chaja imechomekwa. Kazi inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na umeme ukikatika katikati kwenye mashine isiyo na betri unaweza kubaki huna Windows ya zamani wala mpya. Kwa kompyuta ya mezani, azima UPS, ile betri ya akiba.

Hatua ya 6: Tengeneza flashi ya kurejesha

Patisheni hii inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, nayo imekufa. Kwa hiyo chukua flashi ya GB 32, andika RecoveryDrive kwenye kisanduku cha kutafutia, weka tiki kwenye "Back up system files to the recovery drive", na uiache ifanye kazi. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Tabata: Mkuu, fundi alinibadilishia diski akaniwekea SSD. Nimefuata hatua zote, sioni patisheni kubwa. Imeenda wapi?

Jibu: Imebaki kwenye diski ya zamani, ndugu yangu. Kama hukuirudisha nyumbani, mfuate uiombe, ni mali yako na ina mafaili yako. Wengine mnaokwenda kubadilisha diski, mwambieni fundi anakili diski nzima pamoja na patisheni zilizofichwa, asianze na Windows mpya tu.

Swali, Mbagala: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nikichagua "Reset this PC" na kuambiwa "Cloud download", bando langu litatosha?

Jibu: Shikamoo mama. Hiyo inapakua Windows kutoka intaneti na inaweza kula zaidi ya GB 4. Chagua "Local reinstall", inatumia mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta, haigusi bando. Na swali litakalotokea kabla ya hapo, chagua "Keep my files" ili nyaraka zako zibaki. Programu ulizoziweka mwenyewe zitaondoka, utaziweka tena. Nakili vitu kwenye flashi hata hivyo, mama.

Swali, Kimara: Kaka, C yangu imejaa. Naweza kufuta hiyo patisheni nipate nafasi?

Jibu: Ile ndogo, hapana. Utapata MB chache na kupoteza ukarabati. Tena Januari 2024 kuna sasisho la Windows 10, KB5034441, lililogoma kwenye kompyuta nyingi kwa sababu patisheni hiyo ilikuwa finyu, watu wakaona kosa 0x80070643. Ilihitaji nafasi zaidi, siyo pungufu. Ile kubwa unaweza kuifuta, ila baada ya flashi kuwa tayari na kujaribiwa.

Swali, Ubungo: Mtaalamu, nikiandika reagentc /info inaniambia "Disabled". Maana yake nini?

Jibu: Ukarabati umezimwa. Kwenye dirisha la msimamizi, lile la cmd la hatua ya 3, andika reagentc /enable. Ikikubali, umemaliza. Ikisema haioni faili, maana yake Winre.wim limepotea, na linapatikana ndani ya diski ya kusakinishia Windows ya toleo lako.

Swali, Kigamboni: Nimerudisha HP yangu, imerudi Windows 8. Inanifaa?

Jibu: Inawaka, lakini usikae nayo kwenye intaneti. Hata Windows 8.1 iliyoifuata iliachwa kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Januari 2023, na Windows 10 Oktoba 2025. Tumia hatua hiyo kupata draiva, kisha panda toleo ambalo mashine inalibeba.

Swali, Sinza: Mkuu, patisheni yangu ilishafutwa zamani na fundi akaniwekea Windows ya kuvunja. Leseni yangu imepotea?

Jibu: Kama mashine ilitoka kiwandani na Windows 8 au baada ya hapo, ufunguo wake kwa kawaida umeandikwa kwenye chipu ya bodi, siyo kwenye diski, na hakuna kufuta diski kunakouondoa. Fungua PowerShell na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitoa herufi na tarakimu 25, huo ndio wako. Kama mashine ilikuja na Windows 10 au 11, pakua Windows halali kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lile lile la Home au Pro lililokuja na mashine, nayo itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti; ufunguo wa Windows 8 huenda usikubaliwe na matoleo mapya. Kama ni ya Windows 7, geuza mashine utazame stika ya chini, na kama maandishi yamefutika, fungua mahali pa betri, nyingine ziliwekwa humo.