Kuchagua bastola na vifaa vya ulengaji shabaha wa vitendo katika Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kuingia katika ulengaji shabaha wa vitendo, yaani ule mchezo ambao mlengaji hutembea au kukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine huku akipimwa kwa usahihi na kwa muda kwa pamoja, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bastola ipi ni nzuri. Ningeomba swali hilo lisubiri kidogo. Linalotangulia ni kuchagua kundi la ushindani, kwa sababu kanuni za kundi ndizo zinazoamua bastola, ala ya kuibebea kiunoni, mkanda na idadi ya risasi. Aliyenunua silaha kabla ya kuzisoma anaweza kujikuta amepangwa na watu wenye bastola ghali kuliko yake mara kadhaa, ilhali kosa si la bastola aliyonunua.

Kabla ya hayo yote ipo sheria. Nchini Tanzania umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna silaha inayonunuliwa kwanza ili kibali kifuate. Nenda ofisi ya polisi ya wilaya yako, iwe Rungwe, Mufindi au Njombe, ueleze bayana kwamba unakusudia mchezo, ufuate utaratibu utakaopewa, na usimlipe muuzaji hata amana kabla ya kibali kutoka. Muda huo wa kusubiri si wa bure: ndio wakati wa kusoma kanuni na kujifunza chini ya mkufunzi anayetambulika.

Mchezo huu unasimamiwa kimataifa na shirikisho la IPSC, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia katika jimbo la Missouri, Marekani, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Hesabu yake ni rahisi kuielewa: jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye alama 60 kwa sekunde 12 anapata 5, na mwenye alama 54 kwa sekunde 10 anapata 5.4, hivyo wa pili anamshinda wa kwanza ingawa hakulenga vizuri kama yeye. Hesabu hii ndiyo mizani ya kupimia kila kifaa unachotaka kununua. Kifaa kinachokuongezea kasi huku kikikupotezea alama nyingi kuliko muda kinaouokoa hakina faida, na kinachokupa usahihi kwa kukuchelewesha kupita alama kinazokuongezea hakina faida pia.

Kwa mlengaji mpya ninapendekeza kundi liitwalo Production bila kusita. Hapa hutumika bastola za kiwandani zilizo katika orodha iliyoidhinishwa, vilengeo ni vya kawaida visivyo na kioo cha nukta nyekundu, na magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachoingizwa kwenye mpini, haijazwi zaidi ya risasi 15. Kundi la Open huruhusu vioo vya kulengea na vipunguza teke (msukumo wa bastola kurudi nyuma inapofyatuliwa) kwenye mtutu, na gharama yake hupanda haraka. Kundi la Standard hutoa faida kwa mwenye risasi nzito za kaliba kubwa, ambazo kuzipata mfululizo ukiwa Mbeya au Iringa ni shida ya kudumu. Ukiwa Production unatumia risasi ya milimita 9, na kila anayepiga humo huhesabiwa alama za risasi za nguvu ndogo: 5 kwa eneo la katikati ya shabaha liitwalo A, 3 kwa C na 1 kwa D, yaliyo nje yake. Hakuna anayekuzidi kwa ukubwa wa risasi.

Sasa bastola yenyewe. Ishike mkononi kabla ya kusikiliza sifa zake. Kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa sehemu ya mbele ya kidole bila kuulazimisha mkono kuzunguka mpini, na kidole gumba kifikie kitufe cha kutoa magazini kwa kusogeza mkono kidogo tu. Mtu mwenye mkono mdogo anayelazimishia mpini mnene huvuta shabaha pembeni kila mara, na hakuna mazoezi yatakayoliondoa tatizo hilo kikamilifu.

Baada ya mkono, tazama uzito. Glock 17, ambayo mwili wake ni wa plastiki ngumu, ina takriban gramu 630 bila magazini, ilhali CZ Shadow 2, ya chuma kitupu, ina takriban gramu 1,330. Bastola nzito hupiga teke dogo, na kilengeo cha mbele hurejea mahali pake mapema zaidi kwa risasi ya pili. Nyepesi hutoka kwenye ala kwa wepesi, haina vipande vingi na bei yake huwa nafuu. Kwa mtu wa huku, aliye mbali na mafundi wa bastola za mashindano, ningeweka upatikanaji wa vipuri na magazini mbele ya uzito. Muulize muuzaji waziwazi kama anaweza kukuletea springi na pini ya kupigia, na kwa muda gani. Akisitasita, chagua aina nyingine.

Triga inahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni za Production zinadai mvuto usiopungua kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza, au kilo 1.36 kwa kila risasi, kwa hiyo usimruhusu fundi yeyote akulainishie triga kupita hapo. Bastola yenye nyundo ya nje, kama zile za ukoo wa CZ 75, lazima ianze ikiwa nyundo imeshushwa kabisa, na kuishusha nyundo juu ya risasi iliyo chemba kwa vidole ni kazi inayofundishwa ana kwa ana, mtutu ukielekea tuta la udongo. Kama huna mkufunzi wa kukusimamia katika hili, bastola isiyo na nyundo ya nje inakufaa zaidi.

Kuhusu risasi, nyanda hizi zina jambo lake. Kanuni hupima nguvu kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000, na Production inadai angalau 125. Risasi ya greni 115 inayokwenda futi 1,100 inatoa 126.5, na mtu huridhika. Lakini baadhi ya baruti hupungua kasi kwenye baridi, na asubuhi ya Julai pale Njombe au Makete ni baridi ya kweli. Kasi ikishuka hadi 1,080, hesabu inakuwa 124.2, na mlengaji anaruhusiwa kuendelea ila alama zake hazihesabiwi. Risasi ya greni 124 yenye futi 1,050 inatoa 130.2, na hiyo ndiyo akiba ninayoishauri. Mwinuko wa Mbeya, takriban meta 1,700, hauna athari ya kukusumbua kwa bastola katika umbali wa mchezo huu. Baridi ndiyo ya kuangalia.

Ala ya bastola na mkanda hustahili fedha nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Ala ifunike triga yote na iishike bastola hata unapokimbia na kuinama, kwa sababu bastola ikidondoka wakati wa zamu yako unaondolewa mashindanoni papo hapo. Ukisimama wima, mtutu ulioko kwenye ala usielekee zaidi ya meta moja kutoka miguuni pako. Katika Production, ala na mifuko ya magazini hukaa nyuma ya mfupa wa nyonga, si tumboni. Chagua ala ya plastiki ngumu badala ya ngozi, maana mvua za huku, kuanzia Novemba hadi Aprili, hulowesha ngozi ikalegea, kisha jua huikausha ikabana bastola. Mkanda uwe mgumu usiopinda kwa uzito, na fundi wa ngozi mzuri anaweza kukushonea wa tabaka mbili.

Zoezi refu huweza kuhitaji hadi risasi 32, na magazini mbili zina 30 tu, kwa hiyo tatu ndizo kiwango cha chini na tano ndizo za kutosha. Ziwekee namba kwa rangi ili iliyoanza kukwamisha risasi uitambue na kuitoa.

Miwani ya usalama na viziba masikio vinunuliwe kabla ya risasi ya kwanza. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, kwani ganda la risasi na vipande vinavyoruka kutoka shabaha za chuma vinaweza kuipasua. Tafuta lenzi za polikaboneti zilizotiwa kinga dhidi ya ukungu, maana asubuhi za Tukuyu na Uyole huzifunika lenzi mara moja. Kwa miguu, njumu zenye meno ya mpira, ambazo hupatikana hata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, hushika tope kuliko kiatu chochote laini.

Nyumbani, bastola ikae ndani ya sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, risasi zikitengwa mahali pengine penye kufuli. Baada ya siku ya mvua usiirudishe humo ikiwa ndani ya ala: ihakikishe haina risasi, ifungue, ifute maji yote, paka mafuta kiasi kidogo kwenye reli na mtutu, na acha ala ikauke peke yake hadi kesho yake.