Kuseti shoki za nyuma za boda
Kabla hujagusa shoki, zile springi zinazomeza mitikisiko ya barabara, pima upepo wa tairi kwanza, maana wengi hulalamika piki inaruka kumbe tairi imejazwa ikawa jiwe. Haya, kwenye springi kuna ile ringi yenye ngazi, weka piki stendi kubwa, izungushe na spana yake, ukipanda ngazi springi inabanwa na piki inasimama juu, ukishuka inalala. Kulia na kushoto ziwe sawa, hapo hakuna mjadala. Ukiwa peke yako ngazi ya chini yatosha, ila ukitoka soko la Kongowea, Mombasa, na abiria na gunia la viazi, panda ngazi. Chumvi ya pwani hii hushikisha ringi kutu, ipulizie mafuta usilazimishe. Shoki za mbele zikivuja oili, badilisha sili, ile raba inayozuia oili isitoke.